Kitumbo Juu

Kila neno mtakalosoma hapa ni kweli tupu. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Kama nimedanganya, miwani hii ninayoandikia ipasuke vioo vyote viwili, nibaki napapasa ukuta kuutafuta mlango wa choo.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hawajalisoma, nitafupisha.

Binti yangu ana pikapu kuukuu yenye tangi mgongoni. Kila asubuhi anapandisha maji kwenye zahanati ya mlimani, ambako bomba halifiki. Mumewe alisafiri kwenda kutafuta kazi na mpaka leo anaendelea kuitafuta. Kwa hiyo pikapu ndiyo inayomlisha na kumvisha, na sisi wazazi wake tunadonoa humo humo.

Ikamfia katikati ya mlima. Injini inanguruma, gari linarudi kinyumenyume. Klachi imekwisha, na gia ya tatu inachomoka yenyewe. Matroni wa zahanati akampa mpaka Jumatatu asubuhi. Maji yasipofika, kazi anapewa mwenye lori, na ikishakwenda kwa mwenye lori hairudi.

Fundi wa pale barabarani akasema wiki nzima hana nafasi. Ndipo mimi, tonge likiwa bado shavuni, nikafungua domo langu.

"Niachieni mimi. Giaboksi nimeshusha mara nyingi kuliko nilivyovua viatu."

Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa sogeeni karibu, maana leo nimefikishwa pabaya. Ni kweli nilifanya kazi maisha yangu yote kwenye karakana kubwa ya magari. Ni kweli nilivaa ovaroli. Ila chini ya gari sikuwahi kuingia. Mimi nilikuwa stoo. Kulikuwa na kidirisha cha kutosha kupitisha mkono na kifaa, nami nilikaa nyuma yake natoa spea. Jina langu kule lilikuwa Dirisha.

Jioni, kabla sijafika nyumbani, nilikuwa nachovya kidole kwenye grisi najipaka shavuni na kwenye kola. Mke wangu akaifua grisi ile mpaka nikastaafu. Binti yangu akakua akiwaambia wenzake shuleni kwamba baba yake anaweza kufungua gari lote na kulifunga amefumba macho.

Amefumba macho, hapo hakukosea.

Jumamosi asubuhi nikajilaza chini ya pikapu. Ilikuwa uani, pua imeelekea juu kwa sababu kiwanja chetu kina mteremko, na matairi yametiliwa mawe. Msaidizi wangu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Huyu ni fundi cherehani. Mikono yake haijawahi kushika kitu kizito kuliko pasi.

Akaniuliza tunaanzia wapi. Sikujua. Nikamwambia fundi wa kweli haanzi, anatafakari kwanza.

"Basi tafakari haraka, shemeji," akasema. "Mimi nina suruali ya bwana harusi mezani, na yeye hatafakari."

Msinicheke. Majina ya vifaa nilikuwa nayo yote. Nitajie kitu chochote cha pikapu ile nikuambie kilikaa rafu gani na kilifungwa karatasi ya rangi gani. Lakini kinakaa wapi ndani ya gari, hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Sheria ya stoo yetu ilikuwa moja: hakuna mpya bila ya zamani. Fundi akitaka kifaa kipya, lazima kwanza aniletee kile kilichokufa. Kwa hiyo kila kilichotoka dirishani kilirudi siku moja kimechakaa, lakini hakikusimulia kilikokuwa.

Tukaamua kufungua kila kilichoshikana na giaboksi. Nilipochomoa shafti ya propela, lile bomba refu linaloungana na giaboksi kwa nyuma, oili yote ikanimwagikia: kifuani, sikioni, mdomoni. Mke wangu akaja na kitambaa, akanitazama kwa huruma.

"Miaka yote ile kazini," akasema, "hujawahi kurudi hivi."

Nikacheka. Ukicheka na oili mdomoni unameza.

Mchana giaboksi likashuka. Nasema likashuka, siyo nililishusha. Liliponyoka kwenye jeki likatua pale pale sikio langu lilipokuwa kabla sijaitwa kunywa chai. Shemeji akakaa chini, akashika magoti. Nikamwambia ndivyo linavyoshushwa siku hizi, kwa kushtukiza.

Jioni binti yangu akaja na giaboksi jingine kutoka kwa wauza spea chakavu, na klachi mpya kwenye boksi lake. Nilipoingia chumbani kwake kuchukua taa nikakuta godoro sakafuni. Kitanda hakipo. Kilikuwa kimegeuka giaboksi na klachi. Nilichukua taa nikatoka.

Jumapili tukafungua boksi la klachi.

Ndani mlikuwa na pleti. Kwa asiyeijua, ni duara la chuma kama sahani. Upande mmoja ni bapa. Upande wa pili umevimba katikati, palipo na springi, na huko kuvimba sisi wa stoo tulikuita kitumbo. Pleti hii ndiyo inayobanwa kati ya injini na giaboksi. Ukikanyaga pedali, inaachiwa. Ukiondoa mguu, inabanwa, gari linakwenda.

Shemeji akaigeuza geuza kama anayenunua kitambaa.

"Hii ina ndani na nje," akasema. "Nje ni wapi?"

Hapo ndipo maisha yangu yote yaliponiita. Siku yangu ya kwanza stoo, mkubwa wangu alinichapa mkono kwa rula kwa sababu nililaza pleti vibaya kwenye rafu. Kitumbo juu, aliniambia. Ukiilaza kwa kitumbo inapinda. Tangu siku ile nimelaza pleti zisizo na idadi, zote kitumbo juu. Nami nikawafundisha walionifuata. Kwenye ukuta wa stoo niliandika kwa rangi nyekundu: KITUMBO JUU.

Shida ni kwamba ndani ya gari pleti hailali. Inasimama, kama sahani kwenye kichanja. Haina juu wala chini, ina mbele na nyuma.

Nikaitazama pikapu. Nikaona pua yake imeelekea juu ya mteremko.

"Juu ni kule," nikasema, nikaonyesha injini.

"Una hakika?"

"Neno hilo nimelisema kabla wewe hujajua kutia uzi kwenye sindano."

Kitumbo kikaelekea injini. Nikakaza.

Giaboksi likakataa kupanda. Tuliliinua kwa jeki, kwa mbao, kwa mabega. Pua ya shafti yake ikagonga pembeni, ikarudi, ikagonga tena. Shemeji akaapa kwamba bwana harusi ataoa na kaptula. Ndipo binti yangu akafunga kanga kiunoni, akaingia chini ya gari mwenyewe, akalala chali akalisukuma giaboksi kwa magoti.

Likaingia. Kwa mlio mmoja mtamu, klo.

Tukabaki tumelala pale chini, watu watatu, tunahema. Binti yangu akageuza kichwa. Uso wake ulikuwa na oili, safari hii ya kweli.

"Baba," akasema, "nisingekuwa na wewe ningefanyaje?"

Nikamjibu angepata mwingine. Akafikiri natania.

Jua lilikuwa bado halijashuka tulipomaliza kukaza kila kitu, isipokuwa boliti chache zilizobaki kiganjani. Nikazitia mfukoni nikasema ni za akiba. Binti yangu akapanda. Akawasha. Injini ikaitikia vizuri, na mke wangu akapiga makofi kutoka jikoni.

Akakanyaga klachi mpaka chini, akaingiza gia ya kwanza.

Ule mlio sitausahau. Ni kama mtu anasaga vijiko kwenye mashine ya unga. Akajaribu tena. Vijiko vile vile. Akazima, akanitazama kupitia kioo.

Hapo ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Badala yake nikamwambia gia mpya ina aibu, aiingize gari likiwa limezimwa, halafu awashe huku amekanyaga klachi.

Akanisikiliza, kwa sababu mimi ni baba yake.

Pikapu ikaruka. Mguu wake uko kwenye pedali, pedali iko chini kabisa, na gari linapanda mawe kama mbuzi. Shemeji akatoka mbio kuelekea kwenye cherehani yake. Gari likavuka kamba ya nguo, likabeba shuka, likaenda kupiga paji la uso kwenye ukuta wa jiko. Likazima.

Mke wangu akatoka na mfuniko wa sufuria mkononi. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeachana kuanzia juu mpaka chini, na mlango umekaa upande.

Binti yangu akashuka. Hakulia. Heri angelia. Akasema anakwenda kutafuta mtu, yeyote yule, akatoka na kanga yake vile vile.

Alirudi na mzee mmoja mwenye begi begani, anayetembea ameinama kama anatafuta sarafu.

Mwendo ule niliujua. Alikuwa Kobe, fundi mkuu wa karakana yetu. Tulimwita hivyo kwa sababu aliishi chini ya magari, na ukimhitaji unagonga bodi anatoa kichwa. Binti yangu alikuwa ameuliza kila mlango ni wapi pana fundi asiye na kazi siku ya Jumapili, akaelekezwa kwa mstaafu aliyehamia mtaa wa pili.

Nilikuwa na njia moja. Nikateleza chini ya pikapu nikajifanya nakaza nati.

Msinione mjinga. Kobe hakuwahi kuniona sawasawa. Kidirisha chetu kilikuwa kifupi. Yeye aliona mkono wangu, na siku nyingine nusu ya kidevu. Alichokijua ni sauti. Nisipotoa sauti, nimepona. Nikauma shati.

Nikamsikia mke wangu akimkaribisha, akimwambia kwa fahari iliyobaki kwamba mumewe naye ni fundi wa karakana kubwa, ila leo gari limemgeuka. Kobe akasema mafundi wa kule anawajua wote, huyu anaitwa nani. Mke wangu akasema hapa wanamwita Fundi tu.

"Fundi," Kobe akaita. "Salama huko chini?"

Nikagonga chuma kwa spana, mara moja. Akaridhika. Mafundi husalimiana hivyo.

Akapanda akakanyaga pedali, akasikiliza, akashuka. Akachutama pembeni ya tairi. Kisha akapitisha mkono kwenye upenyo kati ya tairi na bodi ili apapase giaboksi, na mkono ule ukaja mpaka mbele ya uso wangu, kiganja juu, vidole vimefunguka kidogo. Mkono ule ule. Kovu lile lile kwenye dole gumba.

"Pleti ya klachi," akasema. Alikuwa anamweleza binti yangu kosa liko wapi.

Naapa sikukusudia. Mdomo ulijifungua wenyewe, kama ulivyojifungua maisha yangu yote kila mkono ule ulipoingia dirishani.

"Ya zamani iko wapi? Hakuna mpya bila ya zamani."

Mkono haukusogea. Kisha taratibu uso wa Kobe ukateremka, kichwa chini miguu juu, ukanitazama.

"Dirisha?"

Nikafumba macho.

"Dirisha, ni wewe?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniua. Alinivuta kwa miguu akanikumbatia na oili yangu, akawageukia watu wangu akawasimulia habari zangu zote kwa mapenzi: jinsi Dirisha alivyomrudisha mara kwa mara akalete kifaa cha zamani, jinsi Dirisha alivyokuwa na mkono safi kuliko daktari, jinsi ilivyosimuliwa kwamba Dirisha anaogopa hata kusimama karibu na gari lililoinuliwa.

Shemeji alikuwa wa kwanza kuelewa. Akaangalia mikono yake iliyochubuka.

"Kwa hiyo," akasema, "tulikuwa mafundi cherehani wawili."

Mke wangu hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ndogo ile grisi ya kwenye kola ilikuwa inatoka wapi.

"Kwenye kopo," nikasema.

Aliangalia vidole vyake, mbele na nyuma. Akaingia jikoni akavuta mlango. Haukufunga. Akauvuta tena, akauacha.

Binti yangu alikuwa anaokota spana, moja moja, anazipanga.

Kobe akaniuliza pleti nimeiwekaje. Nikasema kitumbo juu. Akauliza juu wapi. Nikaonyesha. Kicheko kikamfutika kabisa usoni. Akanieleza kama anayemweleza mgonjwa: kitumbo kinatazama giaboksi. Kikitazama injini kinasuguana na chuma kinachozunguka, na hata ukanyage pedali mpaka itoboe sakafu, pleti haiachii. Lazima giaboksi lishuke tena. Ataanza alfajiri na shemeji, kwa sababu macho yake hayafai tena kwa kazi ya taa. Kabla ya adhuhuri litakuwa tayari.

Matroni alisema asubuhi.

Kobe akaenda kukaa juu ya giaboksi la zamani, lililokuwa limelazwa kando ya ukuta. Akapitisha kidole ubavuni mwake. Akasimama, akainama, akakwangua kwa ukucha. Kisha akaniita karibu, mimi peke yangu.

"Hili lina ufa," akaniambia taratibu. "Uliwahi kuzibwa kwa gundi ya chuma, ukapakwa rangi juu. Ni wa siku nyingi, kabla yenu. Mtu akilala chini ya gari anauona hata bila miwani. Nani aliwakagulia siku mnanunua?"

Nilimwangalia binti yangu kule kwenye spana. Kobe akafuata macho yangu mpaka yalipofika, akaelewa.

Nikamshika mkono. Nikamwomba hilo asimwambie mtu. Haya mengine sawa, nimevuliwa nguo na nimekubali, lakini pikapu ile binti yangu aliinunua kwa kila kitu alichokuwa nacho, kwa neno langu tu kwamba nimeikagua. Hilo moja aniachie.

Akafikiri. Akasema kazi ataifanya, na malipo hataki, kwa ajili ya zamani zetu.

"Ila leo dirishani niko mimi, Dirisha," akasema, akamtupia jicho binti yangu, akanyoosha kiganja. "Ya zamani iko wapi? Urudishe kwanza uongo ule."

Jumatatu alfajiri, wakati Kobe anaingia chini ya gari, mimi nilikuwa kati ya mikono ya mkokoteni. Tulipanga madumu ya maji mpaka juu tukayafunga kwa kamba ya nguo. Hayakuwa tangi zima, lakini matroni angeona maji, na angeona nani ameyaleta. Mke wangu ndiye aliyesema kwamba aliyezima gari ndiye atakuwa gari. Mimi navuta mbele, binti yangu anasukuma nyuma.

Hakuwa amenisemesha tangu jana. Nilisikia pumzi zake tu, na magurudumu yakisaga kokoto. Nilivuta mpaka nikaona nyota za mchana. Kila nikisimama, naye anasimama, anashikilia mzigo kwa kifua usirudi.

Tukafika pale pikapu ilipomfia. Alama za tairi zilikuwa bado zipo, zinateremka kinyumenyume hadi mtaroni.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Siku ile tunanunua gari, ulilala chini yake muda mrefu. Sote tulisimama tunakungoja. Ulikuwa unaangalia nini?"

Uongo ulikuja, msidhani haukuja. Ulikuja mwingi na mzuri. Upo mmoja wa muuzaji kubadilisha giaboksi baada ya mimi kutoka, huo hata mahakama ingeupokea. Nikaufungulia mdomo. Nikauona mkono wa Kobe, kiganja juu.

"Sikuwa naangalia kitu," nikasema. "Nililala tu. Nilikuwa nangoja muda utoshe, nitoke niseme ni zima."

Pumzi zake nyuma yangu sikuzisikia tena.

Ndipo mkokoteni ukawa mzito ghafla, wote, mikononi mwangu peke yangu, ukaanza kunivuta kuteremka. Nikachimba visigino kwenye kokoto nikang'ang'ania, kwa sababu sikuweza kugeuka, na sikujua kama ameniachia akasimama pembeni, au ameniachia na bado yuko nyuma ya magurudumu.